Muuguzi mgeni Mwanza: kutafuta kazi ya kwanza, hatua kwa hatua

Muuguzi aliyesomea Moshi akabaki Moshi ana kitu kisichoandikwa kwenye cheti. Matroni, yaani mkuu wa wauguzi, anamjua, inchaji wa wodi aliyemfundisha kuweka kanula anamjua, na nafasi ikitokea kuna mtu atauliza, "Yule binti aliyekuwa leba mwaka jana yuko wapi?" Ukihamia Mwanza, iwe umemfuata mwenza au umerudi kwa wazazi, kitu hicho unakiacha stendi. Mkoa mgeni hakuna aliyewahi kuiona mikono yako ikifanya kazi, na kila utakakopeleka barua watakuwa wanajiuliza jambo moja: huyu nani anamfahamu? Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kulijibu hilo.

Mwongozo huu unamlenga mwenye stashahada ya uuguzi na ukunga. Mwenye astashahada atafuata njia hiyohiyo, na mwenye shahada pia, akishamaliza mwaka wake 1 wa utarajali (mazoezi ya kazi baada ya chuo). Mwanza ni mfano tu. Ukiwa Mbeya au Tanga utabadilisha majina ya hospitali.

Kabla ya kupanda basi

Anza na leseni. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, cheti cha chuo peke yake hakikuruhusu kumgusa mgonjwa. Unahitaji kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania (mwenye astashahada huorodheshwa) na kuwa na leseni iliyo hai. Ingia kwenye akaunti yako ya mfumo wa Baraza, angalia tarehe ya mwisho ya leseni, na kama imebakiza chini ya miezi 3 panga kuihuisha mapema. Waajiri wengi husoma tarehe hiyo kabla ya kusoma jina lako. Hakikisha pia namba ya simu na barua pepe zilizo kwenye akaunti bado ni zako. Wapo waliosajili kwa laini ya chuoni iliyokwisha kufungwa, na sasa nywila mpya inatumwa kwenye simu isiyokuwepo.

Halafu kusanya karatasi ukiwa bado uko karibu na zinakotoka. Kukifuata cheti Moshi ukiwa Mwanza ni siku mbili za safari na nauli ya kwenda na kurudi. Faili lako liwe na haya:

- cheti cha kidato cha nne, na cha sita kama unacho
- cheti cha stashahada na nakala ya matokeo ya masomo yote
- cheti cha usajili na leseni
- cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA
- kitabu cha mazoezi kwa vitendo ulichojaziwa wodini, kikiwa na sahihi za wasimamizi
- barua ya mwenendo kutoka chuoni au hospitali ulikofanyia mazoezi, yenye tarehe, majina ya wodi na idadi ya wiki
- kadi ya chanjo ya homa ya ini aina ya B

Kitabu cha mazoezi wengi hukitupa wakishamaliza mtihani. Usikitupe. Kwa mtu asiye na uzoefu wa ajira, ukurasa unaoonyesha umezalisha akina mama mara kadhaa chini ya usimamizi, kila mara na sahihi yake, una uzito kuliko aya nzima ya "mimi ni mchapakazi".

Nenda kwa wakili ukathibitishiwe nakala, seti 3 za karatasi. Seti moja iskani kwa rangi, kila cheti faili lake la PDF, uipe jina linaloeleweka. Kosa la kila siku hapa ni kupiga picha cheti kitandani kwa simu: kivuli kinafunika muhuri, namba ya cheti haisomeki.

Angalia majina herufi kwa herufi. Kama cheti cha kidato cha nne kinasema "Neema J. Masanja" na cha chuo kinasema "Neema John", tengeneza hati ya kisheria ya majina kwa wakili sasa hivi. Tofauti ya aina hiyo imewatoa watu kwenye usaili mlangoni, siku ya kuhakiki vyeti, hata kama swali lolote wangelijibu.

Jambo la mwisho kabla ya kuondoka ni wadhamini 3. Mmoja awe mkufunzi aliyekusimamia wodini. Mwingine awe inchaji au matroni wa hospitali ya mazoezi. Nenda ukamwone ana kwa ana, mwombe namba anayopokea kweli, mwambie unahamia wapi. Matroni wa Mwanza akipiga simu na mdhamini akajibu "Neema yupi?", barua yako imeishia hapo.

Kuuchora mkoa

Wageni wote hukimbilia Bugando. Ni hospitali ya rufaa ya kanda, ina watumishi wa serikali na wengine inaowaajiri yenyewe, na meza ya barua za maombi pale haijawahi kuwa tupu. Peleka barua, lakini usiisubiri. Mkoa wa Mwanza una halmashauri 8: Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Chukua daftari, gawa ukurasa safu nne: jina la kituo, anayemiliki, nani anaajiri, tarehe uliyokwenda. Jaza vituo 15 hivi kabla hujatoka nyumbani.

Nani anaajiri ndilo jambo linalowapotezea watu wiki nzima. Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa, chini ya Wizara ya Afya. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya za serikali viko chini ya halmashauri, kwa hiyo mganga mfawidhi wa kituo hawezi kukuajiri hata akikupenda vipi. Barua inaandikwa kwa Mkurugenzi wa Jiji, wa Manispaa au Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri ya wilaya, na nakala unampelekea Mganga Mkuu wa halmashauri hiyo. Huko kuna ajira za kudumu zinazopitia mfumo wa taifa, na kuna mikataba ya muda ambayo halmashauri hulipa kwa mapato ya ndani. Mikataba hii mara nyingi hubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri na kuonekana na wapitaji tu, kwa hiyo pita mwenyewe mara moja kwa wiki.

Hospitali za mashirika ya dini, kama ile ya Sengerema ambayo ni hospitali teule ya wilaya, au Sumve kule Kwimba, huajiri zenyewe kwa nafasi ambazo serikali haijazijaza. Tunazipendekeza sana kwa kazi ya kwanza. Kazi ni nyingi, wasimamizi wana jicho kali, na ndani ya mwaka utakuwa umeshika leba, wodi ya watoto na chumba cha upasuaji. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, Sengerema haina tena ule mtihani wa kusubiri kivuko, hivyo mtu anayeishi mjini asiiondoe kwenye orodha kwa sababu ya maji. Ukerewe ni habari nyingine: huko lazima uhamie. Lakini ukiwa huna familia ya kuvuta, visiwani waombaji ni wachache.

Zahanati na hospitali binafsi za mjini ndizo zinazojibu haraka kuliko zote. Ndizo pia zenye mitego mingi, tutaifikia.

Miradi ya mashirika yasiyo ya kiserikali, hasa kliniki za tiba na matunzo kwa wenye VVU, ilikuwa mlango mpana kwa wauguzi vijana. Baada ya Marekani kusimamisha misaada Januari 2025, nafasi nyingi zilipungua. Usiweke matumaini yako yote huko.

Mfumo wa ajira za serikali

Fungua au huisha akaunti kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Matangazo ya kada za afya yametoka kwa nyakati tofauti kupitia Sekretarieti, Wizara ya Afya na TAMISEMI, hivyo pita tovuti zote tatu kila Jumatatu. Mambo manne yanaangusha watu:

1. Anwani ya makazi. Usaili wa mchujo umekuwa ukifanyika mikoani, na kituo unachopangiwa hufuata makazi uliyojaza. Umehamia Mwanza lakini akaunti inasema Kilimanjaro, utaitwa Kilimanjaro. Badilisha kabla ya kutuma ombi.
2. Hati ya matokeo (results slip) badala ya cheti. Matangazo husema wazi kwamba hati za matokeo hazikubaliwi.
3. Barua ya maombi isiyo na sahihi. Iandike, ichape, isaini kwa mkono, iskani, ndipo uipandishe.
4. Kada. Stashahada huomba Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II, astashahada Muuguzi Daraja la II. Ukiomba kada isiyo yako unatolewa mapema.

Ombi halilipiwi hata shilingi. Anayekutumia ujumbe kwamba "jina lako limepita, tuma pesa ya fomu" ni tapeli, hata kama picha yake ya WhatsApp ina nembo ya taifa.

Ukishatuma, endelea na maisha. Kutoka tangazo hadi kupangiwa kituo huchukua miezi, na mikono isiyofanya kazi husahau.

Kwa matroni, ana kwa ana

Hapa ndipo kazi nyingi za kwanza hupatikana, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Tatizo kubwa ni saa ya kufika. Saa moja na nusu asubuhi ni makabidhiano ya zamu. Baada ya hapo madaktari wanapita wodi. Mchana saa saba na nusu zamu inabadilika tena. Dirisha lako ni saa nne na nusu hadi saa sita na nusu, Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu kuna vikao, Ijumaa mchana kila mtu ana haraka.

Vaa nguo za heshima za kawaida, viatu vya chini vilivyofungwa mbele, kucha fupi zisizo na rangi, nywele zimebanwa. Sare nyeupe usiivae, itaonekana umeshajipa kazi. Lakini iwe kwenye begi, pamoja na saa yenye mshale wa sekunde, kwa sababu matroni mwingine atasema, "Una sare? Ingia wodi ya watoto, nitakuja kukuona."

Pita mapokezi, taja jina la unayemtaka: "Namwomba Muuguzi Mfawidhi." Usiache bahasha kwa mlinzi. Ukiingia, mazungumzo yasizidi dakika tano:

"Shikamoo matroni."
"Marahaba. Karibu, nikusaidie nini?"
"Naitwa Neema Masanja, ni muuguzi msajiliwa, nimehamia Mwanza mwezi huu. Leseni yangu iko hai. Mazoezi nimefanya leba wiki nane na wodi ya watoto wiki sita. Naomba kujua kama mna nafasi au mnaitarajia, na kama naweza kuacha barua."

Basi. Usianze na shida za nyumbani, usiulize mshahara. Akisema hakuna nafasi, uliza maswali mawili: nani mwingine hapa karibu anahitaji watu, na urudi lini. Andika jibu kwenye daftari ukishatoka nje, pamoja na jina lake. Rudi baada ya wiki tatu, siku ileile uliyoambiwa. Mara ya pili wewe si mgeni tena, na matroni huzungumza wao kwa wao. Katika hospitali za Kanisa huenda matroni ni mtawa: "Tumsifu Yesu Kristo" kwa aliye Mkatoliki, "Shikamoo sista" kwa asiye.

Barua iwe ukurasa mmoja, wasifu kurasa mbili. Weka namba ya usajili na tarehe ya mwisho ya leseni juu kabisa, chini ya jina. Sehemu ya uzoefu iandikwe kwa wodi na wiki, na vitu ulivyofanya kwa mikono: kujaza patografu (chati ya kufuatilia uchungu), kumpa mtoto hewa kwa ambu, kuweka mpira wa mkojo, kujaza vitabu vya MTUHA (rejesta za takwimu za huduma za afya). Ukiandika kitabu namba 12 cha leba au namba 6 cha wajawazito, msomaji anajua umevigusa. Kama umetumia GoTHoMIS, mfumo wa kompyuta wa hospitali za serikali, taja.

Jaribio la vitendo

Hospitali inayojiheshimu itakujaribu kabla ya kusaini chochote. Maswali hayabadiliki sana.

Hesabu ya dripu: mililita 1,000 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita. Zidisha 1,000 kwa 20, gawanya kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Wengi wanaijua kanuni ila wanagawanya kwa 8 badala ya 480. Halafu utaambiwa uiweke dripu kweli, ndiyo maana ya ile saa.

Klorini ya asilimia 0.5 kutoka Jik ya asilimia 3.5: gawanya 3.5 kwa 0.5, toa 1, unapata 6. Kikombe 1 cha Jik, vikombe 6 vya maji. Hapohapo utaulizwa boksi la ncha kali hufungwa lini. Jibu ni likifika robo tatu.

Kifafa cha mimba ndicho kinachotenganisha watu leba. Dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti ni gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli. Chupa ni asilimia 50, hivyo gramu 4 ni mililita 8. Ongeza mililita 12 za maji ya sindano upate mililita 20 za asilimia 20, ingiza taratibu kwa dakika 5 hadi 20. Gramu 10 zinagawanywa 5 kila tako, bila kuchanganywa na maji. Baada ya hapo gramu 5 kila saa 4, tako moja baada ya jingine. Anayekuuliza anasubiri sentensi inayofuata: kabla ya kila dozi ya kuendeleza unahakikisha anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, mshtuko wa goti upo, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa, na kalsiamu glukoneti gramu 1 iko mezani tayari. Mwenye dozi kichwani lakini bila vipimo hivi vitatu hupelekwa wodi nyingine.

Kwa Kanda ya Ziwa ongeza malaria kali na selimundu (siko seli). Artesuneti kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo, saa 0, 12 na 24. Mtoto wa kilo 10 ni miligramu 30. Chupa ya miligramu 60 ikishachanganywa kwa ajili ya mshipa huwa miligramu 10 kwa mililita, hivyo unavuta mililita 3. Kwa sindano ya msuli mchanganyiko ni mzito zaidi, usizichanganye hizo mbili.

Jifunze pia salamu. Mzee kutoka Kwimba ukimwambia "mwangaluka" asubuhi na "wabeja" akikupa mkono, maelezo ya ugonjwa huja yenyewe. Kisha mwombe mwenzako akuandikie kwa Kisukuma maswali kumi ya kawaida: panauma wapi, tangu lini, umekula, umekojoa.

Kujitolea, na mitego ya zahanati

Kujitolea kuna faida moja kubwa: mikono yako inaonekana. Lakini weka mipaka. Omba barua inayotaja tarehe ya kuanza na kuisha, wodi, nani anakusimamia na posho ya nauli kama ipo. Miezi 3 inatosha. Ikifika mwezi wa nne unashika zamu za usiku peke yako na hakuna mazungumzo ya mkataba, umekuwa mfanyakazi asiyelipwa. Chukua barua ya utumishi uondoke kwa heshima.

Kwenye zahanati binafsi angalia haya matatu. La kwanza, mmiliki anayetaka nakala ya leseni yako aitundike ukutani ilhali wewe hufanyi kazi pale, kwa malipo kidogo kila mwezi. Likitokea la kutokea, jina litakaloitwa Baraza ni lako. La pili, kushikilia vyeti halisi "kwa usalama". Mwajiri anahitaji kuviona na kubaki na nakala, basi. La tatu, kuachwa usiku peke yako uandike dawa na kutibu kama daktari. Uliza mapema, mbele ya mtu mwingine: usiku daktari au tabibu wa zamu ni nani, na namba yake ni ipi? Wakicheka, umeshapata jibu.

Mkataba

Usianze bila karatasi. Soma saa za kazi kwanza: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki kuwa kawaida. Zamu ya saa 12 inaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi, mradi wiki haivuki 45 bila malipo ya ziada. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme msingi ni 450,000 kwa mwezi. Gawanya kwa 4.333, kisha kwa 45: saa moja ni karibu 2,308. Saa ya ziada ni 3,462. Nyongeza ya usiku ni 115 kwa saa, yaani karibu 1,150 kwa usiku wa saa 10. Ni kidogo, ndiyo maana wengi hawaidai, na ndiyo maana huachwa nje.

Likizo ya mwaka ni siku 28. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, na wewe hukatwi zaidi ya 10. Baada ya miezi 3 nenda NSSF ukaangalie kama unaingia kweli, maana kukatwa kwenye hati ya mshahara si kupelekwa. Kipindi cha majaribio kiandikwe kina miezi mingapi. Mahali pameandikwa "hadi mwajiri atakaporidhika", omba pabadilishwe kabla ya sahihi.

Siku ya kusaini, weka vikumbusho vinne kwenye simu: mwisho wa leseni kutoa siku 90, mwisho wa majaribio, siku ya kwenda NSSF, na dozi zako za homa ya ini B kama hukumaliza. Chanjo ni tatu, ya pili mwezi 1 na ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Ukichomwa na sindano wodini, unasafisha kwa maji na sabuni, unamwambia inchaji palepale, na dawa za kinga ya VVU unaanza haraka iwezekanavyo, kabla saa 72 hazijapita. Muulize inchaji siku ya kwanza dawa hizo zinakaa kabati gani, na ufunguo usiku anao nani.